Mtungi wa Gesi na Pua ya Baba

Tarehe 3, mwezi wa pili

Binti yangu,
Hujambo, na kichanga hajambo? Mimi mzima, mama yako mzima, goti tu linamsumbua.

Nasikia mnakuja mwezi ujao. Msihangaike, nitawapokea stendi kwa teksi yangu. Toka niweke mtungi wa gesi badala ya petroli, mwaka wa sita huu, gari linakwenda kama limezaliwa jana, na sijaupeleka kupimwa hata siku moja, maana fundi wa kunifundisha mimi gari hajazaliwa. Juzi abiria mmoja, mwalimu, kashuka njiani ati anasikia harufu ya gesi. Nikamwambia, mwalimu, pua hii ina miaka arobaini kwenye magari, ingekuwepo ningeijua kabla yako. Kaenda zake kwa miguu na mabegi yake.
Baba yako, dereva namba moja

Tarehe 11, mwezi wa pili

Shikamoo baba,
Sisi wazima, mjukuu wako ni kunyonya na kulala. Mpe mama pole.

Baba, kupima mitungi ndiyo kazi yangu hapa karakana. Miaka sita ni mingi mno. Na mwalimu alinusa, wewe hukunusa. Koroga sabuni na maji, paka kwenye viungo vya bomba. Pakitoa mapovu, funga vali, usiwashe gari, ita fundi. Bila hivyo mtoto simpandishi humo. Nisamehe.
Mwanao

Tarehe 19, mwezi wa pili

Binti, salamu, wazima tuko.
Kushika spana nilikufundisha mimi, leo unanipa somo la sabuni. Sabuni ni ya kufulia. Wewe mwenyewe ulizaliwa kiti cha nyuma cha gari langu la kwanza na hukulalamika. Nitakuwa stendi.
Baba yako yule yule

Tarehe 8, mwezi wa tatu

Shikamoo baba,
Hatujambo. Nilikawia kujibu nisije nikakukosea adabu. Basi letu litafika tarehe 22. Tutapanda teksi ya jirani yako Mfupi, mtungi wake umepimwa mwaka huu. Mtoto hana mdomo wa kukataa, ndiyo maana nakataa mimi.
Mwanao

Tarehe 16, mwezi wa tatu

Mama wa mjukuu wangu,
Hamjambo huko? Huku wazima, goti limepata nafuu.

Yaani Mfupi. Yule hata kurudi nyuma anaomba dua. Nikasema ngoja nikuaibishe. Nikachukua sabuni, nikapaka, maneno ya kukuandikia ninayo tayari. Kiungo cha juu kikachemka mapovu kama maziwa. Nikainamisha uso palepale, nikavuta pumzi. Sikusikia harufu yoyote. Mama yako, yuko kule mbali anachota maji, akauliza mzee, mbona gesi inanuka hivyo.

Nikafunga vali, tukalisukuma hadi kwa fundi. Kiungo kimekwisha, na mtungi wenyewe kasema haufai tena, kaung'oa. Kwa hiyo tarehe 22 nitakuja stendi kwa miguu, tutapanda la Mfupi, mimi nikae mbele nimwelekeze.

Jambo jingine. Toka ile homa ya mwaka juzi pua hii hainusi kitu. Kila siku mama yako akipakua namwambia harufu yake peke yake inashibisha. Wewe ujue. Yeye mwache.
Baba yako