Nimeshinda Ubishi wa Gemu Mbovu, Shemeji Haji Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke mpaka nifike mwisho, maana mke wangu alicheka na mpaka leo sijamsamehe vizuri. Mimi ni fundi makochi, nina karakana yangu ndogo, na huko nyuma, kati ya marobota ya sponji na makochi ya wateja yaliyovuliwa vitambaa, nina runinga ya kichogo na mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti, ambayo kaseti ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Kila Jumamosi nikimaliza kazi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hupita, tunakaa kwenye kochi lolote ambalo mwenyewe hajaja kulichukua, na tunabishana gemu ipi ni mbovu kuliko zote. Si nzuri, mshauri, nzuri kila mtu anazijua. Mbovu. Na tuna sheria moja tu, huruhusiwi kuiponda gemu ambayo hujaicheza ukaimaliza, kwa hiyo tumeteseka na takataka ambazo nadhani hata waliozitengeneza hawakuzimaliza.

Mimi nashikilia ya zimamoto, ambaye akiguswa na maji anakufa, naapa, zimamoto, na ukihangaika ukafika ghorofa ya mwisho unaonyeshwa jengo limeungua lote na chini yake neno hongera. Yeye anashikilia ya mpira, ambayo kipa wako akidaka anageuka, anaingia na mpira golini kwake mwenyewe, tena anashangilia. Nikimwambia angalau kipa anajua kudaka, ananijibu, "Shemeji, zimamoto wako ana nafuu, anakufa. Wangu anaendelea kuishi na aibu ile." Na huyu ni mtu asiyeongea, mshauri, kwenye shughuli za familia anakaa pembeni na simu yake mpaka watu wanamsahau, lakini kwenye kochi langu anaongea mpaka tunafukuzwa na mbu. Mimi sina kaka wala mdogo wa kiume, na naona haya kuandika hivi, lakini ndiye rafiki niliye naye.

Sasa Jumamosi moja alikuja na boksi la kaseti zake zote, akaliweka kando ya cherehani, hakukaa, akasema, "Shemeji, nina neno nataka kukwambia," nikamwambia subiri kidogo, maana nilikuwa juu kabisa ya jengo na zimamoto hajafa, akasubiri, zimamoto akafa, nikaanza upya huku namwonyesha, "Unaona? Unayaona maji hayo?" Akasema, "Nisikilize kidogo, shemeji," nikamwambia, "Kwanza kubali!" Akanitazama, akasema, "Haya. Nimekubali. Ya zimamoto ndiyo mbovu. Umeshinda." Mshauri, nilirusha padi ya kuchezea juu, nikatoka mbio mpaka kwa kinyozi wa jirani kutangaza, na mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akanipa mkono wa pongezi. Niliporudi shemeji hayupo, boksi lipo. Ndipo nikakumbuka kwamba ile gemu hajawahi kuimaliza, kila mara huishia ghorofa ya tatu, kwa hiyo kwa sheria yetu kukubali kwake ni batili.

Tangu hapo haji. Nilimtumia ujumbe, "Njoo ukate rufaa," akajibu, "Usijali, shemeji." Basi amenisusia, hata kaseti zake hataki kuziona, na kinyozi ananiambia anauza kitanda na jiko, nadhani ni hasira, mtu akishindwa hutaka kubadilisha kila kitu. Mke wangu nikimwuliza anaendelea kukunja nguo, anasema, "Mwulize mwenyewe, mna midomo." Gemu mbovu ukiicheza peke yako haichekeshi hata kidogo. Nifanye nini ili nishindwe, na mwenzangu arudi?

Mshindi Asiye na Raha

*

Mshindi, pole sana, na mimi pia nimecheka, kwa hiyo utusamehe pamoja, mimi na mkeo. Nilipokwisha kufuta machozi nikairudia barua yako, nikaacha kucheka. Umeandika kila kitu humo, na hukuona hata kimoja.

Mtu aliyesusa hubeba vitu vyake, bwana. Mtu anayekuachia boksi zima la vitu anavyovipenda, kisha akauza kitanda, akauza jiko, huyo hana hasira na wewe. Anahama. Sijui anakwenda wapi, sijui ni kazi au ni mchumba, lakini dada yake anajua, kinyozi ameshahisi, mimi ambaye sijawahi kukanyaga karakana yako nimejua. Umebaki wewe na zimamoto wako.

Alikuja kukuaga. Mtu ambaye familia nzima haijui sauti yake alijikaza, akatafuta maneno, akajaribu kusema mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa na jengo linaungua. Akaona akupe unachokitaka labda utanyamaza, kama mtoto anavyopewa pipi. Nawe ukakimbilia kwa kinyozi!

Hiyo sheria yenu naipenda, ningeombea hata ndoa ziwe nayo. Lakini zimamoto ulimvumilia mpaka ghorofa ya mwisho, shemeji yako ukamkatiza kwenye sentensi ya kwanza, kisha ukamhukumu kwamba amesusa. Hapo umekosea, na unajua.

Na hili la kuona haya kwamba ndiye rafiki uliye naye, liache. Wapo watu wengi wenye ndugu tele ambao hawana hata mmoja wa kubishana naye juu ya kipa mjinga. Wewe unaye, bado hajaondoka.

Basi funga karakana leo, usingoje Jumamosi, mwenye kochi atavumilia. Nenda kwake kabla kitanda hakijapata mnunuzi, maana mtahitaji pa kukaa. Usitume ujumbe wa mzaha. Ukifika mwambie, "Ulikuwa na neno," halafu funga mdomo. Kwa jinsi ulivyomwelezea, atanyamaza katikati, tena kwa muda mrefu. Usipajaze hapo na habari za gemu, mngoje tu. Akimaliza kabisa, mwambie ulichoniambia mimi, kwamba ndiye rafiki yako. Utaona haya. Ona haya, lakini sema.

Ushindi mrudishie, haukuwa halali. Kisha kabla hujaondoka mpe kaseti yako ya zimamoto asafiri nayo, na mashine ibaki karakana. Huko aendako hatakuwa na pa kuichomeka, na yeye bado yuko ghorofa ya tatu, hana ruhusa ya kuiponda mpaka aimalize. Itabidi arudi.