Bei ya Kadi Imeshuka, Baba

Baba,

Mwangaluka. Najua ni alasiri na salamu hii ni ya asubuhi, lakini wewe ulinisalimia hivyo hata jua likiwa linazama, ukisema mtu aliyeamka mzima asubuhi yake haijaisha. Nimekaa studio hapa Bariadi, mlango nimeufunga. Wateja wa picha za paspoti wanagonga, wanachungulia, wanaondoka.

Bei ya kadi imeshuka. Nimeona nianze na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza kila uliposhuka kwenye basi la kutoka Ipililo, kabla hata hujavua kofia. "Kadi imeshukaje?" Hukuuliza kama imeshuka. Uliuliza imeshukaje, kama mtu mwenye hakika yake. Basi imeshuka, Baba. Yule bwana wa Kariakoo, muuza vifaa vya kompyuta, aliyekuwa hapokei tena simu zangu, safari hii alinipigia mwenyewe na kuniita dada mara tatu. Nilipomaliza kuongea naye nikatafuta jina lako kwenye simu ili nikuambie. Nilikuwa nimeshabonyeza ndipo nikakumbuka. Simu yako iko kwa Mama, kwenye kabati la vyombo, haina chaji.

Sijui nimlaumu nani kwa kuchelewa, wewe au bei.

Mama ni mzima, magoti tu yanamsumbua. Mvua zilikawia, zikaja zote kwa pamoja, na pamba ya bondeni imeoza kidogo. Yule maksai wako mwenye pembe iliyovunjika hataki kulima na mtu mwingine. Anasimama katikati ya mtaro, anageuza kichwa nyuma kutazama nani ameshika jembe, na akiona si wewe anakojoa palepale. Majirani wanacheka. Mama hacheki.

Nikurudishe siku ile ya mbina, yale mashindano ya ngoma, kule Malampaka. Kundi lenu la bugobogobo, ngoma ya majembe, na kundi la Nyashimo mlicheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kama ilivyo desturi, kila upande ukivuta watazamaji, na mshindi ni yule atakayejaza watu kwake. Nilikuwa na kamera mbili. Kubwa, ile mpya, niliisimamisha kwenye miguu yake mitatu karibu kabisa na mlipochezea, nikaiacha irekodi yenyewe. Ndogo niliishika, nikavuka uwanja kwenda kuwapiga wa Nyashimo, maana nao walikuwa wameniomba. Nikiwa kule niliona watu wanatukimbia. Wazee, watoto, wauza karanga na sinia zao, wote wanakimbilia upande wenu. Nikajua mmeshinda. Nilipofika ulikuwa umeshabebwa juu, jasho linakutiririka, unacheka, nami nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Ulipokuja kutazama video, kompyuta yangu ilikuwa bado na kadi yake ya zamani. Nilikufungulia nikuonyeshe: kile kibao chenye feni kinachobeba kazi yote ya picha. Ukakitazama, ukasema ni kidogo mno kwa kazi ya kumbeba mtu mzima kama wewe. Ulisema kweli. Kamera mpya ilirekodi picha nzito na kile kibao hakikuziweza. Tulikutazama ukicheza kwa kukwamakwama, mguu leo mguu kesho, mpaka pale uliporuka na jembe mkononi, miguu yote miwili juu, njuga zimetapakaa, mdomo wazi. Hapo picha ikaganda. Feni zikalia, tukasikia harufu ya kuungua, skrini ikawa nyeusi.

Tangu siku ile kompyuta ilifanya kazi ndogondogo tu. Nikiifungua video, ilirudi pale ilipoishia, ikakuonyesha hewani, kisha ikajizima. Nikaichapa picha ile moja nikaitundika ukutani, juu ya kioo cha wateja. Uliipenda sana, Baba. Ulikuwa ukisimama mbele yake mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. "Umenining'iniza, ng'wanawane, mwanangu," ulisema. "Hata kunguru hutua."

Nikapiga simu Kariakoo. Bei ilikuwa imeongezeka. Mwezi uliofuata ilikuwa imeongezeka tena, na baadaye bwana yule akaniambia hata ukiwa na hela, kadi hakuna. Inayoingia leo ina watu kumi wanaoingojea. Nilikueleza alivyonieleza. Kwamba viwanda ni vichache na haviwahi. Kwamba ugonjwa ule ulifungia watu ndani nchi nzima nzima, wakanunua kompyuta za michezo. Na kwamba wako watu huko mbali wananunua kadi kwa makumi, wanazipanga kwenye mabanda kama kuku, zinachimba pesa za mtandaoni usiku na mchana.

"Wanachimba? Kwa jembe gani?"

Nikakwambia jembe ndiyo hiyo kadi yenyewe. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukashika ukingo wa meza. Kisha ukasema, "Basi ni wakulima wenzetu hao. Mwaka wao wa njaa utafika, watauza majembe."

Ndipo ukanisimulia tena habari ya pamba, ambayo naijua kama jina langu. Soko lilipokuwa huria, wanunuzi binafsi wakafika Ipililo na malori yao, kila mmoja na mizani yake, bei ikapanda mpaka watu wakanunua baiskeli na redio. Wewe ukasema bado, itapanda zaidi. Ukaijaza pamba ndani, tukalala juu yake watoto wote, tukiamka na nyuzi kwenye nywele. Asubuhi moja malori hayakuja. Ukauza kwa bei ya kutupa, na Mama hakusema na wewe mpaka mahindi yakakomaa. Tangu hapo kwako hakuna bei iliyopanda isiyoshuka. "Mwenye kuuza, kungoja kunamuua," ulisema. "Lakini wewe unanunua. Ngoja."

Nilingoja. Harusi zilinipita, nikawaelekeza wateja kwa wenzangu. Nikakuomba tumuuze yule maksai kwenye mnada. Ukakataa, ukasema ng'ombe hauzwi kwa ajili ya kitu kinachopandishwa bei na watu tusiowajua. Nikasema basi niipeleke video Mwanza, nina rafiki mwenye mashine nzuri, ataifungua kwa siku moja. Hapo hukutania. Ulivaa kofia yako, ukasema, "Ngoma yangu isifunguliwe na mtu mwingine. Utaifungua wewe." Nilidhani ni yale mambo yenu ya ngoma, dawa na miiko, nikaacha kukusihi. Nilinuna pia, uliona. Ulininunulia mihogo ya kuchoma pale stendi, ukapanda basi.

Sikujua kwamba tunangoja vitu viwili.

Ulikufa kwenye palizi. Mama anasema ulirudi shambani mapema, ukajilaza barazani, ukasema asikuamshe kwa ajili ya chakula. Hakukuamsha. Daktari alisema moyo, na kwamba haukuanza siku hiyo. Niliyashika maneno hayo, "haukuanza siku hiyo," nikawa nayapitisha kichwani wakati watu wanapika, wakati wanachimba kaburi, wakati mchungaji anasoma. Ulianza lini, basi? Nani alikuwepo?

Watu wako wa mbali walipata mwaka wao wa njaa. Bwana wa Kariakoo aliniambia pesa zile za mtandaoni zimeporomoka, wachimbaji wanauza kadi kwa mafungu. Nimenunua moja, iliyotumika. Ilikuja imefungwa kwenye fulana, feni zake zimejaa vumbi la nchi nisiyoijua. Nililisugua kwa mswaki. Niliionea huruma kadi ile kama mtu, Baba, imechoka kuchimba kwa watu. Nikaipachika, nikawasha, ikakubali.

Sikuifungua video siku hiyo. Kwanza nilifagia studio. Nilipanga waya. Nilikuwa nimezoea kukuona juu pale ukutani, na nilijua nikibonyeza utashuka na kazi itakuwa imekwisha. Lakini kundi lenu lote linakuja nyumbani kesho kukuchezea ngoma ya kukuaga, na Mzee Masanja, mpiga ngoma wako, amewaahidi wataiona kwanza ile ya Malampaka kwenye televisheni ya sebuleni. Jana nikabonyeza.

Ulishuka, Baba.

Ulitua kwa mguu wa kulia, kisha magoti yote mawili yakaishiwa nguvu ukaanguka mbele. Mkono mmoja ulikwenda kifuani. Kamera ilikuwa karibu mno, na kadi hii haifichi kitu, nimeuona uso wako. Nimewahi kuuona uso huo mara moja tu, siku uliyochomwa na msumari wa plau hadi mfupa nawe ukitaka tusijue. Midomo imeingia ndani. Macho yanatafuta pa kushika.

Kisha ukaanza kulima. Hapohapo ulipoangukia, kwa magoti, ukaliinua jembe ukalishusha, ukaliinua ukalishusha, na Masanja akadhani ni mtindo mpya, akaufuata kwa ngoma. Mtu mmoja alipiga kelele. Watu wakaanza kuja. Hakuna aliyewahi kuona mzee akicheza bugobogobo kwa magoti. Walikuja wakikimbia, ndio wale niliowaona mimi wakitukimbia kule ng'ambo, na vumbi lao likakufunika. Mlishinda kwa sababu moyo wako ulikushinda, na wote waliokubeba juu hawakujua wamebeba nini.

Kuna kitu kabla ya vumbi. Nimekirudia mara nyingi, na kadi hii sasa inanirudishia kila nikitaka, bila kukwama. Ukiwa bado chini, uliinua macho ukaitazama kamera moja kwa moja. Ukatikisa kichwa, kidogo tu, kwa namna ile uliyokuwa ukinitikisia kanisani nikitaka kucheka. Usiseme.

Ulidhani nimesimama nyuma ya kamera.

Baba, sikuwepo. Nilikuwa ng'ambo ya uwanja nawapiga wa Nyashimo. Miezi yote ile, kila ulipokuja ukasimama mbele ya picha na mikono nyuma, ulidhani nimeona na ninakutunzia. Ulidhani mwanao amekuelewa. Ningekuwepo nisingekuelewa hata kidogo. Ningeitupa kamera, ningekubeba mgongoni hadi hospitali na njuga zako miguuni, na mshindwe kabisa, Nyashimo wachukue ushindi wao. Labda ungeona pamba ya mwaka huu. Labda hapana. Nalia na nina hasira na wewe, na nakuambia waziwazi kwa sababu huwezi kunitikisia kichwa tena.

Tangu asubuhi nimekaa na swali moja: kesho waone nini? Naweza kuikata video ukiwa hewani, iishie hapo. Lakini Masanja atauliza, na ushindi wote uko baada ya hapo. Naweza kuiacha ilivyo. Wengine wataona mtindo. Mama ataona uso. Ameuona uso huo miaka mingi kuliko mimi, na atajua alikuwa analala na nini pembeni yake, na kwamba siku ile barazani alipaswa kukuamsha. Hilo simpi. Si kwa kupitia televisheni, sebule imejaa watu wanaoshangilia.

Basi nimefanya kazi uliyodhani niliifanya zamani. Unaruka. Uko juu. Mguu wako unapogusa ardhi nimekata, nimeweka picha ya kamera ndogo, ile niliyoshika mimi: watu wanaanza kugeuka, mmoja, watano, uwanja mzima, wanakimbia kwa vumbi na sinia za karanga. Tunawafuata. Tukirudi kwako, kwa kamera kubwa, tunakuona kati ya mabega na vumbi lao, uso umefichika, mzee aliyepiga magoti analima ardhi ya Malampaka, na jembe lake linapanda na kushuka sawasawa na ngoma. Nimeipitisha mara nyingi nikitafuta mshono. Hauonekani.

Mama nitamwambia siku atakayoniuliza, tukiwa wawili, tukichambua choroko. Akiniuliza sitamdanganya. Picha ya ukutani inabaki, na yule maksai hauzwi. Nitamfundisha sauti yangu hata akikojoa msimu mzima. Na ile sehemu niliyoikata, ya uso wako na kichwa chako, sijaifuta. Nimeiweka kwangu. Ngoma yako haitafunguliwa na mtu mwingine.

Wabeja, Baba, asante kwa kuniamini, ingawa ulimwamini mtu ambaye hakuwepo. Pumzika. Nimefika sasa, nimesimama nyuma ya kamera, na nimekuona.

Mwanao,
Kabula