Jani la Sale Uliloniachia Barazani

Vero rafiki yangu,

Jana nilirudi kutoka kwenu Kilema na daftari lako la hesabu, lile la miraba, na leo asubuhi nimegundua jambo ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine kabla yako. Naomba univumilie. Unajua siwezi kusimulia bila kuanzia mbali, na wewe uliyekuwa ukinikatiza haupo.

Nianze na habari za dukani. Bwana Harish amezihamishia kompyuta zote upande wa dirishani, pale zilipokuwa rimu za karatasi, na amenunua skrini mbili bapa ambazo hataki mtu aziguse hata kwa kidole. Kiti chako bado anakiita kiti cha Veronika. Mteja akikikalia, anamhamisha kwa adabu, utadhani umetoka mara moja tu kununua vocha. Mimi nakalia kilekile kilichopasuka.

Baraza letu la mtandaoni lipo. Watu wa huku mlimani walioko Dar, Mwanza na ng'ambo bado wanaingia kusalimiana, kuulizana habari za mvua na kupeana taarifa za misiba. Kila nikifungua nakuta vijisura vyako vimetapakaa. Yule mama mwenye pengo anacheka chini ya habari za ubatizo. Ng'ombe wako mwenye macho ya usingizi anatumwa na bwana mmoja wa Machame kila anapotamani maziwa ya kwao. Na ule uso wa kununa, Vero! Ulinichora nimebinua midomo, ukaapa kwamba si mimi, na mpaka leo watu wasionijua wananuniana kwa sura yangu.

Unakumbuka tulivyoanza? Watu walikuwa wakiandika nukta mbili na mabano, ndiyo wamecheka. Wewe ulipinda shingo ukaitazama skrini, ukaniuliza, "Mbona mtu acheke amelala ubavu?" Ukataka kila anayecheka barazani kwetu asimame wima, awe na sura ya mtu wa kwetu, na aonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote. Ukanunua daftari la miraba na penseli za rangi, ukawa unapaka mraba mmoja mmoja, kisha unahamishia kwenye mashine nukta kwa nukta. Uso wa kulia ulikuchukua siku nzima kwa sababu hukuridhika na chozi.

Mimi nilikuwa fundi wa upande wa pili. Nilikuwa nimepata kile kiunzi cha kujengea programu za mtandaoni, nguzo na kenchi zikiwa zimeshasimamishwa na watu wengine, mimi kazi yangu kuta. Nikaandika orodha: alama hii, picha ile. Mtu akiandika alama, ukurasa ukifunguka inatokea picha mahali pake. Ndivyo nilivyokueleza, nikijisifu kidogo.

Siku ya kwanza haikutokea hata picha moja. Baraza zima lilijaa mabano na majina ya mafaili, wasomaji wakadhani tumevamiwa. Kumbe kile kiunzi, kwa usalama, husafisha kila kitu kinachoandikwa na watu, na kilikuwa kikizisafisha na picha zangu humohumo, zinabaki maneno matupu. Nilihangaika siku mbili. Wewe hukujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Ulikuwa umekaa unakula ndizi ya kuchoma, ukaniambia, "Resti, kwani kwenu mnapamba kwanza ndipo mfagie?"

Nikabadilisha mistari miwili. Safisha kwanza, weka picha baadaye. Ng'ombe akatokea na macho yake ya usingizi, tukacheka mpaka Bwana Harish akatoka kaunta kuuliza kama ni harusi au msiba. Kila ninayemfundisha kazi hii namwambia neno lako la kufagia, na namwambia lilitoka kwako.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ule mwezi laini ya simu ilikuwa mbovu na ukurasa ulifunguka kwa kusuasua. Watu wakalalamika, na mimi nikazilaumu picha. Wewe ukaja na daftari lako mkononi, umefurahi, ukasema umemaliza ya kumi na tatu, na kwamba hiyo haipo kwenye baraza la mtu mwingine yeyote duniani. Sikuitazama. Nililifunika daftari kwa kiganja nikakwambia, "Vero, hii ni michezo ya watoto. Mimi niko kazini." Ulilichukua daftari lako, ukachukua na penseli, ukaondoka. Hukubamiza mlango. Afadhali ungeubamiza. Nami nikaona haitoshi, nikaweka tangazo barazani, mbele ya watu wote, kwamba picha mpya hazitaongezwa tena.

Baada ya siku chache, chini ya tangazo langu nikakuta jina lako na vijiti vitatu:

\ | /

Hakuna neno lingine. Nilipandwa na hasira. Ulikuwa na ile tabia yako ya kuandika alama za ajabuajabu ili uone kama programu yangu itakwama, kisha unicheke. Nikajua unanicheka. Nikasema sijibu. Wiki ikapita, ikapita nyingine, na mimi nimenuna ule mnuno wangu uliouchora. Wiki ya tatu ukashikwa na homa huko nyumbani, siku nne tu. Kaka yako alipiga simu dukani. Bwana Harish alinikabidhi mkono wa simu bila kunitazama usoni.

Nilimzika rafiki niliyekuwa nimemnunia. Sijawahi kulisema hilo, wala kwa padri. Watu walinipa pole kuliko wengine wote kwa sababu walijua tulivyopendana, na kila pole ilinichoma.

Jana ndiyo nikapata moyo wa kwenda kwenu, nikasema nakwenda kumsaidia mama yako kuchuma kahawa. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mikono muda mrefu. Tulichuma mpaka mchana, akanipa mtori, akanisimulia habari za mbuzi wake mkorofi. Nilipoaga, aliingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge chako cha njano.

"Hili ni lako," akasema. "Alisema Resti atajua la kufanya nalo."

Nililifunua palepale uani. Mama mwenye pengo yumo, ng'ombe yumo, mimi nimo nimenuna. Ukurasa wa mwisho, mraba kwa mraba, umechora sale: majani matatu marefu, mawili yameinamia pembeni, moja limesimama katikati. Chini yake vijiti vitatu. Na chini ya vijiti, kwa mwandiko wako wa kulala: *ya kuomba radhi*.

Nilikaa chini, Vero, kwenye maganda ya kahawa.

Mimi na wewe hatuhitaji kuelezana sale ni nini. Bibi yangu wa Marangu aligombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba lake la migomba na kahawa, mpaka wakaacha kusalimiana. Asubuhi moja jirani akaja ameshika jani la sale, na bibi, ambaye alikuwa ameapa, alilipokea kabla hata ya kumkaribisha kiti. Nilikuwepo nikaona. Mtu akikuletea sale, unasamehe, basi. Na mimi uliniletea, nikadhani ni vijiti.

Leo asubuhi nimeingia kwenye folda ya picha. Ipo. Umeiita sale, umeiweka siku ileile uliyoandika barazani. Nilikuwa nimekufundisha kuweka picha kwenye folda, ukaamini inatosha. Orodha sikukuonyesha kamwe. Niliishika mwenyewe kama ufunguo wa ghala. Picha yako imekaa humo muda wote huu ikingoja mstari mmoja ambao ni mimi tu niliyeweza kuuandika. Sijui kama uliona vijiti badala ya jani. Lazima uliandikia Himo, maana dukani hukurudi, na mtandao wa huko unaujua, pengine uliondoka kabla ukurasa haujarudi. Naomba iwe hivyo. Naomba uwe uliondoka ukijua umenipa jani.

Nimeuandika huo mstari. Nikaufungua ukurasa upya, nao kama kawaida yake ukaja polepole: kwanza tangazo langu la jeuri, kisha jina lako, kisha jani. Kijani, dogo kuliko ukucha wangu. Nimelia mbele ya wateja. Bwana Harish amenisogezea chai, akasimama kati yangu na wao akijifanya anapanga kalamu.

Wewe hukuwa na kosa. Mkosaji ni mimi, na bado wewe ndiye uliyetangulia kuja. Hilo ndilo linaloniumiza, na ndilo linalonifanya nikupende mpaka najicheka.

Nimekujibu palepale barazani, jani moja, bila maneno. Kabla ya saa sita yule bwana wa maziwa wa Machame akaandika jina la mdogo wake, akaweka jani mbele yake. Sijui waligombana nini. Ulisema kweli, hiyo picha haipo kwingine duniani.

Nakuahidi mambo mawili. Orodha sitaishika tena peke yangu. Kuanzia kesho, atakayechora ataandika na mstari wake mwenyewe. Na mtu akiniletea daftari, nitalifungua.

Lala salama, Vero wangu. Mama yako ameshaniruhusu kupanda sale karibu na ulipo, na shina nimelichagua kwenye kihamba chetu, lile la mpakani aliloliacha bibi. Jani lako nimelipokea. Langu nakuletea Jumapili, baada ya misa, kwa mkono.

Ni mimi mwenye ule uso wa kununa,
Resti