Uwele wa Juu ya Jiko

Ijumaa, 1 Novemba 1996

Karanga zimeiva, asali bado. Ndivyo ilivyo kila mara. Nimezikaanga, nimezimenya kwa kuzisugua ndani ya kitambaa. Ufuta nao, mpaka ukaanza kurukaruka. Uwele peke yake kwenye sufuria kavu, mkono hautulii. Halafu asali, mafuta kidogo ya alizeti, chumvi ya kuonja. Sinia ndani ya sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu, moto mdogo. Ukishaepua usikoroge. Ikipoa yenyewe inashikana, ukiuma inakatika kwa sauti. Zabibu kavu mwisho kabisa.

Alinifundisha Anneke, Mholanzi wa visima aliyekuwa jirani yetu hapa Nkuhungu, kabla hajarudi kwao. Yeye alitumia oti za kopo. Mimi natumia uwele, ndio uliopo. Jina nimeliacha lile lile, granola. Wageni wanalipenda.

Tangu nipunguzwe kazini nilikuwa Mama Neema tu. Mashine ya kuchapa walibaki nayo wao, na kiti changu amekaa mtu mwingine. Sasa pale gesti kwa Mama Shirima naitwa Mama Granola, na nikiitwa naitika haraka kuliko inavyopasa. Nisijidanganye, napenda.

Leo Mama Shirima kanirudishia mfuko mzima. Mgeni wake kauma mchanga. Kasema Bunge likikaa anapokea watu wazito, hawezi kuwavunja meno. Nikileta mchanga tena, anarudi kwenye ya boksi kutoka Afrika Kusini. Siku hizi maduka yamejaa, hana shida ya kunibembeleza.

Nimechekecha, nimepeta, nimeosha. Uwele wa sokoni umepurwa chini kwenye vumbi. Mchanga hauishi.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mchanga.

Niliporudi niliingia jiko la nje kuwasha moto, nikainua macho. Masuke ya uwele ya mama mkwe. Yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya ukili, yanakula moshi tangu mavuno. Nimeyaona kila siku bila kuyaona. Hayajawahi kugusa chini.

Mama yuko Mtumba, kijijini kwake, kwenye msiba. Hayupo wa kumwuliza. Kwetu Lushoto mahindi ya kula ndiyo tunayoweka darini juu ya moshi, yasibunguliwe. Mbegu tunanunua dukani, kwenye pakiti. Kwa hiyo nikashusha fungu moja la nyuma. Chakula ni chakula, nitamrudishia mwingine.

Nimepukuchua kwa mkono juu ya ungo. Punje safi, ngumu, zinang'aa. Kwenye sufuria zimepasuka kama bisi, na zina harufu ya moshi kwa mbali. Nimeonja, nikacheka peke yangu jikoni. Sijawahi kutengeneza kitu kitamu hivi.

Jumanne, 5 Novemba

Mama Shirima kanishika mkono mbele ya wageni. Mmoja kauliza hii imetoka nchi gani. Nchi gani! Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa mrefu.

Anataka zaidi. Nimeshusha fungu jingine.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama amerudi. Nimempa shikamoo, kaitika, kisha "mbukwa", salamu yake ya Kigogo, kwa nyumba nzima, hata kwa kuku. Kachoka, macho mekundu ya msiba. Nimempa granola kwenye bakuli na maziwa mgando. Nilitaka ajue mkwewe si bure.

Kala polepole sana. Katafuna, kaangalia bakuli, katafuna. Nikamwuliza vipi. Kasema, "Tamu." Basi.

Jioni Neema kamwuliza bibi yake kwa nini yale masuke ya jikoni hayaliwi. Mama akamwambia, mimi nikiwa nakuna nazi pembeni. Ile ni mbegu. Anaichagua shambani kabla ya mtu mwingine kuvuna, suke moja moja, refu na lenye ndevu ngumu. Ndege akitua, ndevu zinamchoma, anaondoka. Kwa hiyo shamba lake halihitaji mtu wa kulilinda, na yeye ni mjane. Alipoolewa mama yake alimpa hiyo mbegu, na yule mama naye alipewa na wake. Haiuzwi sokoni. Wa sokoni hauna ndevu.

Nimekuna kidole badala ya nazi. Damu imeingia kwenye nazi iliyokunwa, nimemwaga yote.

Jumamosi, 9 Novemba

Niliamka nikiwa nimeamua kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari. Mama, sikujua, kwetu ni tofauti, unisamehe. Ni maneno ya kweli na angeyapokea.

Kabla ya chai mhudumu wa Mama Shirima kagonga. Kuna wageni wengine wamekuja, wanataka ile ile, leo hii kabla ya jioni.

Mama alipokwenda kuteka maji nimeshusha fungu jingine. Na jingine.

Niandike wazi. Jumapili ile sikujua. Leo nilijua. Nilipukuchua haraka haraka nikisikiliza mlango, kama mwizi, maana ndicho nilichokuwa. Asali ikaungua upande mmoja kwa sababu macho yalikuwa mlangoni. Nimepeleka hivyo hivyo. Wamesifu.

Jumatatu, 11 Novemba

Sasa nimefanya baya zaidi.

Nafasi ya nyuma juu ya jiko ilikuwa inaonekana. Nimekwenda soko la Majengo, nimetafuta mwanamke anayeuza uwele ukiwa bado kwenye masuke. Nimeyafunga kwa kamba zile zile za Mama. Nimeyapaka masizi kwa kitambaa. Nimeyatundika nyuma, yale machache ya kweli yakabaki mbele.

Ukiangalia kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukipitisha mkono unajua. Ya sokoni ni laini kama mkia wa paka.

Akipanda haya, ndege watakula shamba lote, naye atakuwa hajui kwa nini. Nimeandika sentensi hiyo na bado sijaenda kumwambia. Niko chumba cha pili, namsikia anakohoa.

Jumatano, 13 Novemba

Joto. Kila mtu anatazama juu. Mawingu yanakuja upande wa mashariki, yanapiga soga, yanaondoka.

Mama ananoa jembe. Ananoa huku ananiambia, "Niletee ile yako ya kutafuna." Anaila kila siku sasa. Anaomba kwa upole, anakula yote, anarudisha bakuli safi. Ningependa aiseme vibaya mara moja tu.

Jumamosi, 16 Novemba

Yohana amekuja kutoka Mtera, kwenye kazi yake ya bwawa, na samaki wakavu. Nilimngoja mume wangu ili nimwambie yeye kwanza. Tumekaa nje baada ya kula. Kabla sijafungua mdomo kaanza kusifu granola, kwamba hata huko bwawani wamesikia.

Nikazungukazunguka. Nikauliza habari za mbegu ya mama yake, kama mtu anayepiga soga.

Kacheka. Kasema mwaka wa njaa, yeye akiwa darasa la kwanza, mama yake aliwapikia mlenda mtupu, bila ugali, na mbegu inaning'inia juu ya vichwa vyao. Walimlilia. Majirani walimwita mchawi anayekausha watoto wake. Siku moja Yohana akapanda juu ya kinu, akachomoa punje, akazitia mdomoni. Mama yake akamshika taya, akamtemesha zote kwenye kiganja. Akazifuta, akazianika. Mvua iliponyesha akazipanda, hata zile zilizotoka mdomoni.

Yohana kwake ni kichekesho. Mimi nimekwenda chooni nikakaa huko mpaka akaniita.

Sikumwambia.

Jumanne, 19 Novemba

Bunge limekwisha, wageni wameondoka. Mama Shirima kasema tutaonana mwakani.

Kwa hiyo ilikuwa kwa ajili ya hawa. Watu wameshapanda magari yao wakasahau walichokula.

Jumatano, 4 Desemba

Imenyesha. Alasiri, ghafla, matone makubwa, vumbi likanuka. Neema kacheza uani mpaka nguo zikaganda mwilini. Mama katoka kasimama mlangoni, kafungua viganja vyote viwili akaviacha vilowe.

Kasema kesho tunakwenda Mtumba kupanda. Hakuna kulima kwanza, ni kuberega tu, unafyeka, unachimba shimo kwa jembe, unatia punje, unafukia kwa mguu. Kasema, "Na wewe twende."

Nilisema ndiyo, Mama. Nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa zimeshalowa.

Alhamisi, 5 Desemba

Niandike yote, hata kama mkono unauma.

Alfajiri Mama aliyashusha masuke mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akatandika mkeka, akaanza kugawa. Hakuangalia hata. Alipitisha kidole gumba tu. Hili huku. Hili kule. Upande mmoja ukawa mdogo, upande mwingine mkubwa. Mimi nimesimama na birika mkononi, chai inapoa.

Akasema, bila kuinua uso, "Haya ya Majengo yana masizi ya kupaka. Masizi ya moshi hayaachi alama mkononi."

Nikapiga magoti. Nililia vibaya, nikasema yale maneno niliyoyatunza mwezi mzima, sikujua, kwetu ni tofauti. Nikaona yameoza. Nikasema basi ukweli. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua, Mama.

"Nilijua siku ile ya bakuli," akasema. "Moshi wa jiko langu nitaukosa? Nilitafuna, nikasema huyu mtoto hakujua, kesho ataniambia. Kila siku nikakuomba lile bakuli, nikupe nafasi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga na kile kigoda.

Niliuliza kwa nini hakunizuia, basi, kabla hayajaisha. Akasema usiku ule wa bakuli alihamisha baadhi ya mafungu ya mbele akayaficha, na mimi sikuwa nimeyahesabu; jana akayarudisha. Yaliyobaki aliniachia mimi, aone nitafanya nini.

Tukaenda Mtumba. Mbegu yake ilitosha kipande cha karibu na mti wa mkole, basi. Sehemu kubwa iliyobaki tulipanda ile ya sokoni, maana ardhi yenye maji haiachwi tupu. Tulichimba sambamba, yeye kwake, mimi kwangu. Jua lilipopanda akanipa maji kwanza, akanywa baada yangu. Akaonyesha sehemu kubwa kwa kidevu.

"Hizi hazina ndevu. Ndege utaamia wewe."

Jumapili, 22 Desemba

Imeota. Ya kwake na yangu zinafanana kabisa sasa hivi. Nimetembea katikati nikitafuta tofauti, sijaiona.

Nimemwambia Yohana kwa barua. Jibu lake ni fupi, anauliza afya ya mama yake na ya Neema. Yangu hakuuliza.

Jumamosi, 22 Machi 1997

Naandikia shambani, juu ya ulingo wa kuamia ndege. Mvua zimekuwa chache na uwele ni mfupi, ila umetoa masuke. Nina kamba zenye makopo matupu kila upande. Kopo moja lilikuwa la oti za Anneke. Navuta, yanalia, kwelea wanapaa, wanazunguka, wanatua tena. Tangu alfajiri mpaka giza, na mimi nimekuja kulala huku Mtumba wiki nzima. Sauti imekauka kwa kupiga kelele.

Kwenye kipande cha Mama hawatui. Nimewaona wakijaribu. Wanagusa, wanaruka kando.

Mama analeta uji mchana, anakaa chini ya ulingo. Tunazungumza habari za Neema, za kuku, za bei ya sukari. Akiondoka anasema, "Usisinzie." Leo nimesinzia kidogo. Wamekula mstari mzima wa mwisho.

Juzi nilifika nyumbani Nkuhungu mara moja kuchukua chumvi, Mama Shirima akaniambia Bunge linakaribia. Nimemwambia uwele niliokuwa natumia umekwisha. Kasema basi weka wowote, nani atajua. Sikumjibu vizuri, na sidhani ataniagiza tena. Nilirudi ulingoni nikiwa na hasira, kisha hasira ikaniisha maana maneno yake yalikuwa yangu.

Jumapili, 1 Juni

Mavuno yamekwisha. Yangu ni kidogo, ndege wamechukua zaka na sadaka. Ya Mama ni mazuri, kadiri ya kipande. Alipita mwenyewe kuchagua, suke moja moja. Nilimshikia kikapu. Hakuniambia nisishike.

Wiki iliyopita nilitengeneza granola ya nyumbani, kwa uwele wangu, nilioupura kwenye turubai. Mchanga bado upo kidogo. Mama kauma, katema, kaendelea kula.

Jikoni juu ya moto hakuna kitu. Nilisafisha zile fito, nikaweka kamba mpya, nikangoja. Hakuja. Juzi nilipokuwa nafagia mlangoni kwake nikaona. Masuke yametundikwa chumbani, juu ya kitanda chake. Moshi haufiki kule. Wadudu watayaingia kabla ya Agosti, naye anajua kuliko mimi.

Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nimechukua makaa kwenye kigae, nikaweka juu yake vijiti vibichi vya kutoa moshi. Nikapiga hodi. Kafungua. Katazama kigae, kanitazama, kasogea pembeni. Nimekiweka chini ya masuke, nimefungua dirisha nusu, nimetoka.

Kesho nitapeleka tena.