Bi Gundi, Sahihi Ile Ilikuwa Yangu

Mwaka umetimia leo, mke wangu, tangu Alhamisi ile ulipotoka kwenda maktaba ukiwa umevaa aproni yako ya kazi chini ya koti, kwa sababu ulichelewa kuamka na ukanilaumu mimi. Mlangoni uligeuka ukaniambia nisisahau kuanika mashuka. Saa nne na nusu asubuhi mtu aliingia chumba cha kusomea na bunduki, akaua watu saba. Wewe ulikuwa wa tatu.

Familia ilinipa mimi kazi ya kuandika tangazo hili la kumbukumbu kwa kuwa, walisema, mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri. Wakati huo hawakujua mwandiko huo umefanya nini. Sasa wanajua, na nitafika huko.

Kwanza wewe. Miaka ishirini na sita uliketi kwenye kile chumba cha nyuma cha maktaba ukishona vitabu vilivyochanika. Watoto walivirudisha havina majalada, wakubwa wakavirudisha vimelowa chai, nawe ukavipokea vyote kama nesi wa zamu. Aliyechora kitabu kwa kalamu ulimkaripia mpaka akaona aibu, kisha ukamtafutia kingine cha kusoma. Wenzako walikuita Bi Gundi, na jina lilikufaa. Jioni uliketi mezani ukibandua gundi iliyokauka vidoleni, ukavipanga vipande vyake ukingoni mwa sahani. Mimi nililalamika, nawe ukaniambia nile chakula changu niache vidole vya watu. Siku hizi sahani ni safi, nami nakula nimesimama.

Hukuweka jina lako mahali popote kabla ya kusoma mpaka nukta ya mwisho. Mimi ni msoma mita za maji: nyumba hamsini kwa siku, sahihi hamsini kwa siku. Mkono wangu hutangulia, kichwa hufuata baadaye. Ulizoea kunitania kwamba nikiletewa hati ya kukubali kunyongwa nitauliza tu, nisaini wapi.

Jirani yetu wa chini, fundi saa, duka lake lilivunjwa. Akaomba kibali cha kumiliki bunduki, na sheria ilitaka majirani wawili wathibitishe kwa maandishi kwamba ni mtu mtulivu. Mwenye duka la viatu alikuwa ameshasaini. Fundi akaja kwetu na fomu. Ulimkatalia mlangoni, kwa adabu, lakini ulimkatalia. Kisha ukaja jikoni ukaniambia: "Tangu mkewe aondoke anagombana na ukuta. Namsikia kila jioni. Yule anahitaji mtu wa kuzungumza naye, si bunduki." Na hukusema tu. Wiki ile ile ulimshukia na bakuli la supu, naye hakukufungulia.

Kesho yake aliniwahi chini ya ngazi, nikitoka kazini. Huyu ndiye aliyetusaidia kupandisha friji orofa tatu. Ndiye aliyetuazima drili ikakaa kwetu mwaka mzima asiulize. Nikaona haya. Jirani ni jirani, nikajiambia. Nikaiweka karatasi juu ya boksi la mita nikasaini bila kusoma. Jioni uliniuliza kama amenifuata na mimi. Nikasema hapana. Nimekudanganya mara nyingi kwa mambo madogo, lakini uongo huu ndio ulioondoka nao, ukiuamini.

Miezi minne baadaye aliibeba bunduki ile akaenda nayo maktaba, mahali alipokuwa akisoma magazeti kila siku. Hakuna anayejua kwa nini alichagua pale. Polisi walinihoji mara moja, wakaandika, wakaenda. Majina ya waliosaini hayakutangazwa, nami nikajificha nyuma ya msiba wangu.

Tangu hapo kila familia ikikutana ni mabishano. Kamati ya wabunge inaandaa sheria mpya: afisa aende nyumbani kwa mwombaji, azungumze na majirani mmoja mmoja, mwombaji asiwepo, daktari amwone, na kibali kiangaliwe upya kila mwaka. Kaka yako anasema ni kazi bure. Mwenye nia mbaya hakosi njia, anasema, na sheria humbana yule tu anayeitii. Binti yetu humjibu bila kupaza sauti.

"Mjomba, huyu hakuinunua uchochoroni. Alipanga foleni. Alingoja mhuri wiki tatu. Mtu mmoja tu angekataa kusaini, Mama angekuwa hapa."

Kaka yako husukuma kikombe chake kando, maana ulikuwa dada yake wa pekee. Nami huinuka kwenda kuosha vikombe. Mwaka mzima nimeosha vikombe visafi, mke wangu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nimewaza sana nani kati yao ana haki. Kaka yako ana hoja yake, kwa sababu sheria ilikuwepo na iliuliza swali zuri. Ila iliuliza kwa karatasi, na karatasi haimtazami mtu usoni. Afisa angeketi sebuleni kwetu akaniuliza kama nitalala usingizi huyu akiwa na bunduki chini yetu, na wewe umesimama pale na taulo begani, nisingeweza kusema ndiyo. Sijui sheria kali itawazuia wauaji wangapi. Huyu mmoja ingemzuia, kwa sababu ingenizuia mimi.

Hayo ndiyo niliyoiambia kamati wiki mbili zilizopita. Waliniita kama mfiwa. Binti yako na kaka yako waliketi nyuma, wamekuja kunipa moyo. Nikasimama, nikasema, "Sahihi ya pili kwenye fomu ile ni yangu." Nilisikia kiti kimoja kikisogezwa nyuma, nikajua ni cha nani, wala sikugeuka.

Kaka yako ndiye aliyenirudisha nyumbani. Njia nzima alitazama barabara, lakini tulipofika alinifungulia mlango.

Binti yako hakuja kwa siku kumi na moja. Juzi alikuja kwa ajili ya tangazo hili. Hakuvua koti. Nikamwuliza majina yetu tuyapange vipi.

"Niandike, Baba," akasema. "Ila usiniandike karibu na wewe."

Nimefanya kama alivyotaka.

Unakumbukwa na binti yako na wanawe wawili, ambao wamekataa kutupa kitabu chao kilichochanika kwa sababu wanasema ni cha Bibi kushona. Na kaka yako, ambaye bado anabisha, ila kwa sauti ya chini. Na wifi yako. Na wenzako wa chumba cha nyuma, walioacha brashi yako ndani ya mtungi wake.

Na mimi mumeo, peke yangu hapa chini.

Tutakukumbuka daima, Bi Gundi. Ndilo neno pekee ambalo binti yako amekubali tuliseme pamoja.