Mama Zuhura hakuwa mpole

Kihonda, Jumapili usiku

Leo wamemsingizia upole, tena mbele ya watu wote waliokuja kwenye arobaini ya mke wangu. Shemeji yake wa Dakawa anasimama na kusema marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kupaza sauti. Nikadhani amekosea msiba.

Kwao Mama Zuhura, Uluguru, watu huitana kutoka mlima huu hadi ule, na sauti hiyo alikuja nayo mjini. Akiniita kula, majirani nao walinawa mikono.

Imeniudhi. Niliona kama tunamzika mara ya pili, safari hii mwanamke mwingine kabisa.

Kisha mjukuu wetu Asha akaombwa aseme neno. Akasema, "Bibi alikuwa anaita hivi." Akavuta pumzi. "Baba Zuhuraaa! Wali unapoa!"

Ilikuwa sauti yake hasa. Nikainuka katikati ya wageni, nikaitika, "Nakuja, Mama Zuhura," nikavaa kandambili na kwenda jikoni. Nilipofika mlangoni ndipo nilipokumbuka.

Binti yetu Zuhura alikuwa anapakua pilau. "Kaa hapa, baba," akasema, akanisogezea kigoda. Nikala palepale, huku nje shemeji akiendelea kusifu upole. Sijawahi kushiba tangu mke wangu aondoke, ila leo nimeshiba.

Ninachohofia ni kesho. Asha anarudi chuoni Mazimbu. Nimemwomba kila mchana anipigie simu aniite vilevile. Amekubali, ila amesema itabidi kwanza atoke nje ya darasa.