Hakuna Kilichopotea

Jumatatu, 4 Machi
Hasira hadi kalamu inatoboa karatasi! Bosi mpya ameshinda wikendi nzima ofisini "akipanga" mafaili kwenye kompyuta kuu. Mafundi wanamwita Ufagio, maana hawezi kuona kitu kimetulia asikisogeze. Maelekezo ya mashine za hospitali tunazotengeneza yalikuwa kwenye folda kwa aina ya mashine. Sasa yamo kwa mwaka wa kununuliwa. Nani anajua mashine ilinunuliwa lini?

Mwongozo wangu, lile faili la linki linalowapeleka mafundi kwenye kila maelekezo, umekufa. Kila linki niliyoiweka kwa mkono wangu, ukibofya — faili halipatikani. Fundi Mrefu kapiga simu kutoka wodini, yuko magotini mbele ya mashine ya oksijeni, anauliza nimefukuzwa kazi au nimefariki. Ikabidi nimsomee maelekezo kwa simu, kipande kwa kipande.

Nikamwendea Ufagio. Katabasamu. Hakuna kilichopotea, anasema, yote yamo humo humo, ni kutafuta tu. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hiki ni kidonda kitupu.

Jumanne, 5 Machi
Linki, linki, linki. Nafungua, natafuta, naelekeza upya. Shingo imekuwa ubao.

Jioni kwa Mama. Macho yamezidi kufifia — sasa ananijua kwa hatua. Lakini ndani ya nyumba yake huwezi kugundua! Jagi la maji kulia kwa kitanda, kiberiti rafu ya chini, fimbo nyuma ya mlango. Mkono unakwenda wenyewe. Kanimiminia chai bila kumwaga tone, kisha mimi mwenye macho nikaimwaga. Kacheka hadi kakohoa.

Kaka anataka kumhamishia kwake. Sibishi, kukaa peke yake ni hatari. Mama kakubali kwa sharti moja: niwepo mimi, nikipange chumba kipya sawasawa na hiki. Nimemwahidi. Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata dawa! Linki zangu zilikuwa zinaanzia kwenye mlango mkuu wa kompyuta, zinapita folda moja baada ya nyingine. Ukisogeza folda yoyote njiani, basi. Sasa nimezifanya zianzie pale Mwongozo wenyewe ulipo, na kila faili nimelitia kwenye folda moja nao. Hamisha folda nzima popote, vinakwenda pamoja. Nimejaribu — zinafunguka! Nimepiga kigelegele, mhasibu kaja mbio akidhani kuna harusi.

Nimewaandikia wote kwa herufi kubwa: USIHAMISHE MWONGOZO PEKE YAKE. Ufagio kasema vizuri sana. Kasaini na ruhusa yangu ya Alhamisi.

Jumatano, 13 Machi
Hapana. Hapana!

Wakaguzi wanakuja kesho na keshokutwa. Ufagio kaona Mwongozo "umejificha". Kauchomoa peke yake, kauweka mbele kwenye kioo cha kompyuta ili wauone haraka. Linki zote zikafa. Hapo angeurudisha tu, yangekwisha. Lakini yeye "kanisaidia": kanakili mafaili kwenye kompyuta yake, kaelekeza linki huko huko! Kwake zinafunguka vizuri. Sisi wengine tunaambulia patupu, naye anashangaa tunalalamikia nini.

Na Alhamisi yangu? Kaifuta. Niende wakaguzi wakishaondoka.

Nimempigia Kaka asubiri hadi Jumamosi. Gari limeshakodiwa, anasema, na kupanga chumba kuna elimu gani? Mama kachukua simu. Mwanangu, si uliniahidi? Nikarudi kwenye linki zangu na machozi kwenye kibodi.

Ijumaa, 15 Machi
Wakaguzi wameondoka. Wamebofya linki mbili. Mbili! Ufagio kapongezwa kwa mpangilio.

Jumamosi, 16 Machi
Kwa Kaka. Chumba kinang'aa, siwezi kusema hawakujitahidi. Mapazia mapya. Kitanda wamekielekeza dirishani. Jagi kushoto, fimbo kabatini isije ikamkwaza mtu. Kaka kanitembeza kwa fahari. Hakuna kilichopotea, kasema, vyote vimo.

Mama kakaa kitandani, mikono mapajani. Wifi anasema tangu juzi mgeni wao hasumbui kabisa, anasubiri kupewa. Mama yangu! Anasubiri kupewa!

Tulipobaki wawili kanyoosha mkono kulia. Hewa. Kaurudisha polepole, kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Hakuniomba maji. Nimelia pale pale, bila sauti, ila naye si kiziwi.

Kisha nikakunja mikono ya blauzi. Kitanda nimekiburuta, jagi kulia, fimbo nyuma ya mlango. Mama anaelekeza — kidogo huku, wee, umepitiliza, rudisha. Mkono ukaenda. Kamimina maji mwenyewe, kanywa, kaniuliza kama na mimi nina kiu.

Ndipo wifi kaingia na mashuka. Jamani, mbona mmevuruga chumba? Anacheka, hana ubaya hata chembe, na huku anacheka kalichukua jagi kalirudisha kushoto. Nikamweleza. Kaniambia nisijisumbue, dada, nimetoka safari, nikapumzike, yeye atapanga.

Nimetoka barazani kabla mdomo haujaniponza. Naandikia gotini. Kaka anaita, chakula kiko mezani. Na kule ndani nasikia miguu ya kitanda inakwaruza sakafu, na sauti ya Mama, ndogo, ya adabu — acha, mwanangu, nilikuwa nimeshakizoea —